Miaka 18 ya Jengo la Wanawake, Los Angeles

Kila nikikaa na walimu wenzangu wa sanaa, mazungumzo yakagusa suala la darasa au karakana ya wanawake peke yao, haipiti nusu saa kabla mtu hajalitaja Jengo la Wanawake la Los Angeles, lile lililojulikana kama Woman's Building. Hulitaja kama anayesoma taarifa ya msiba: lilifunguliwa 1973, likafungwa 1991, basi. Hoja inayofuata ni fupi na inaingia akilini upesi. Ukitaka wanawake wahesabiwe katika sanaa, wapeleke pale sanaa ilipo, kwenye vyuo na makumbusho makubwa. Ukiwajengea nyumba yao pembeni, umewafanyia kazi wale wale waliowafungia mlango.

Hoja hiyo nimekaa nayo muda mrefu na siidharau. Wapo wanawake wenye vipaji vikubwa walioishikilia maisha yao yote. Georgia O'Keeffe hakutaka kabisa kuwekwa kwenye kapu la wasanii wanawake, wala kufanywa mama wa wafeministi waliokuwa wakimpenda. Alitaka kuitwa mchoraji, nukta. Namheshimu kwa hilo. Lakini naona wengi wanaolihukumu jengo lile wanalipima kwa kipimo cha makumbusho, na halikuwahi kuwa makumbusho. Lilikuwa karakana, na karakana hupimwa kwa mafundi waliotoka humo.

Tuanze na namba, maana ndizo zinazosahaulika kwanza. Mwaka 1971, baada ya makumbusho ya sanaa ya Kaunti ya Los Angeles kuandaa maonyesho makubwa ya sanaa na teknolojia bila msanii mwanamke hata mmoja, kundi la wasanii wanawake wa mji huo lilikaa chini likapiga hesabu. Walipitia maonyesho ya pale ya miaka kumi. Wasanii walioshiriki maonyesho ya pamoja walikuwa 713, na wanawake kati yao 29. Maonyesho ya msanii mmoja peke yake yalikuwa 53, na la mwanamke lilikuwa moja tu, la mpiga picha Dorothea Lange, ambaye wakati hesabu hiyo inafanywa alikuwa ameshafariki tangu 1965.

Namba hizi siwezi kuzipita mbio. Ishirini na tisa katika mia saba kumi na tatu ni kama wanne katika kila mia. Na haya yalikuwa makumbusho ya umma, nyumba ambayo mlipa kodi mwanamke alikuwa ana haki nayo sawasawa na jirani yake mwanamume. Wala hatuzungumzii mwaka mmoja uliokwenda vibaya. Miaka kumi inamtosha msichana kuingia chuo, kuhitimu, kupeleka kazi zake huku na huku, kukataliwa, kuolewa, kulea, na kuifungia brashi kabatini. Wasichana hawakukosekana katika vyuo vya sanaa vya Marekani miaka hiyo. Darasani walikuwamo, ada walilipa, vyeti walipata. Walikuwa wakipotelea mahali fulani kati ya darasa na ukuta wa makumbusho. Kwa hiyo mtu anaposema wapelekeni pale sanaa ilipo, jibu la kweli ni kwamba walikwishapelekwa. Swali lilikuwa wanapotelea wapi njiani, na ni swali hilo lililowatoa waanzilishi wa Jengo ndani ya taasisi.

Sehemu ya mwanzo wengi mnaijua. Msanii Judy Chicago alianza darasa la sanaa la wanawake peke yao na wanafunzi 15 huko Fresno, California, mwaka 1970, akahamia chuo cha sanaa cha CalArts mwaka uliofuata, akafundisha pamoja na mchoraji Miriam Schapiro, na mwanzoni mwa 1972 wao na wanafunzi wao wakageuza jumba bovu la Hollywood kuwa kazi ya sanaa, chumba kwa chumba. Mimi katika jumba lile hunijia sana kabati la mashuka la Sandy Orgel. Ndani yake imesimama sanamu ya mwanamke, mfano wa zile za madirisha ya maduka ya nguo. Rafu zimepita katikati ya mwili wake, zimemkata vipande, na juu ya kila rafu kuna mashuka yaliyokunjwa vizuri. Ila mguu mmoja umeshatoka nje ya kabati, uko hewani, unatafuta sakafu.

Baada ya hapo njia ziligawanyika, na watu wengi hawajui kwamba mjadala wetu wa leo ulizaliwa ndani ya harakati zenyewe. Schapiro alibaki CalArts. Chicago alitoka, na pamoja naye wakatoka mbunifu wa machapisho Sheila Levrant de Bretteville na mwanahistoria wa sanaa Arlene Raven. Upande wa Schapiro ulikuwa na akili nyingi. Ndani ya chuo kuna mshahara wa mwalimu, maktaba, studio zenye taa, na mwisho wa yote shahada ambayo mwajiri anaielewa. Warsha ya Studio ya Kifeministi, shule waliyoianzisha hao watatu, haikuwa na hadhi ya chuo. Ilianza bila hata jengo, watu wakikutana sebuleni kwa Bretteville. Mzazi yeyote angeuliza: mwanangu atatoka na nini?

Sasa tazama yaliyotokea. Programu iliyobaki ndani ya CalArts haikumaliza hata nusu ya umri wa Jengo. Schapiro alirudi New York katikati ya miaka ya 1970, na hiyo programu ikakoma. Taasisi iliyokuwa na fedha, majengo na jina iliweza kuishi bila darasa hilo na haikuona pengo. Wale waliotoka bila kitu, wakaenda kupanga jengo kuukuu, ndio waliodumu miaka 18. Ajabu ni kwamba hiyo 18 ndiyo inayotolewa kama ushahidi wa kushindwa, na miaka michache ya CalArts hakuna anayeihesabu.

Mlango ulifunguliwa Novemba 1973, katika jengo lililokuwa la chuo cha sanaa cha Chouinard, karibu na bustani ya MacArthur. Jina walilichukua kutoka Maonyesho ya Dunia ya 1893 katika mji wa Chicago, yaliyokuwa na jumba la wanawake lililochorwa na msanifu majengo kijana, Sophia Hayden; jina hilo la jumba nitalirudia, maana lina deni. Ndani ya Jengo mlikuwa na shule, majumba ya maonyesho, duka la vitabu la Sisterhood, ukumbi wa maigizo na ofisi za vikundi vya harakati. Mwaka 1975 walihamia Mtaa wa North Spring, karibu na Chinatown, kwenye jengo la matofali lenye sakafu tatu lililokuwa la kampuni ya mafuta ya Standard Oil.

Somo la kwanza lilikuwa nyundo. Wanawake wenyewe ndio waliosimamisha kuta za ndani, wakapiga lipu, wakasugua sakafu, wakapaka rangi. Chicago alikuwa ameianza desturi hiyo Fresno, na wapo waliomlaumu: msichana kaja kusoma sanaa unampa ndoo ya lipu. Lakini msanii asiyeweza kukata ubao, kuendesha msumeno au kufunga kazi yake ukutani atakuwa mwombaji daima, na aliyewahi kusimama kwenye karakana anajua nani huombwa.

Hapa niseme jambo nililoliona kwa macho yangu. Miaka ya nyuma nilikuwa napeleka kazi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji Dar es Salaam. Palikuwa na binti mmoja aliyesomea ubunifu na uchapaji, cheti anacho. Kazi yake pale ilikuwa kupokea wateja, kukata risiti na kuchemsha chai ya saa nne. Mashine ya ofseti ilikuwa mikononi mwa vijana wawili, na mmoja wao hakuwa amesoma popote, alijifunza hapo hapo kwa kutazama. Siku moja nikamuuliza mbona yeye haendeshi. Akanijibu, "Mwalimu, wanasema wino utaniharibu kucha." Alikuwa ameweka mikono juu ya kaunta. Kucha zake zilikuwa fupi, zimekatwa sawasawa, kucha za mtu aliyejiandaa kufanya kazi.

Hakuna sheria iliyomkataza binti yule kugusa mashine. Alikuwa amepelekwa pale kazi ilipo, na hapo ndipo alipozuiwa. Ndiyo maana nikisoma kuhusu kituo cha uchapaji cha Jengo la Wanawake, Women's Graphic Center, siwezi kukiona kama kijichumba cha kujitenga. Mle wanawake walipanga herufi za risasi, walichanganya wino, walichapa mabango, kadi na vitabu vya wasanii kwa mikono yao. Hakukuwa na wa kumwambia mtu habari za kucha. Mashine ikikwama, aliyepo ndiye anayeikwamua, na aliyepo ni mwanamke.

Bretteville aliyesimamia upande huo ndiye, kwa maoni yangu, mwalimu mkubwa kuliko wote waliopita pale, ingawa sifa nyingi humwendea Chicago. Kwa mwaliko wa chama cha wabunifu wa machapisho wa Marekani, kila mbunifu akitakiwa alete kazi kuhusu rangi moja, yeye alichagua waridi, ile wanayofungiwa watoto wa kike tangu wodini. Badala ya kueleza anavyoiona yeye, alikata vipande vya karatasi ya waridi vya mraba akawagawia wanawake wa rika mbalimbali, kila mmoja aandike rangi hiyo inamwambia nini. Kisha akavipanga kama kitambaa cha viraka na kuvichapa kuwa bango moja, lililobandikwa mitaani Los Angeles. Baadhi ya viraka aliviacha vitupu, ili mpita njia atoe kalamu mfukoni aandike lake. Ninafundisha ubunifu, na mara nyingi nimekuwa nikilitumia bango hilo darasani. Lina kila kitu: mwandishi hayuko peke yake, na msomaji ana nafasi yake kwenye ukurasa.

Huyo huyo aliwapa wenzake mkufu wenye bolti ya duka la vifaa vya ujenzi, ile yenye tundu la duara kichwani. Ukiitazama vizuri ni alama ya mwanamke, lakini pia ni kitu cha kufungia na kunyanyulia mizigo. Sijui pambo linaloeleza shule kuliko hilo.

Tuingie kwenye lawama ya kujitenga, ambayo ndiyo kubwa. Ni kweli masomo yalikuwa ya wanawake peke yao. Walikaa duara, kila mmoja akapewa muda wake wa kusema bila kukatizwa, kuhusu mwili, fedha, mama, kazi, woga. Kwa anayesoma kutoka pwani hili halina ugeni. Bibi zetu walikuwa na ukumbi wao, na kungwi wao, na vyama vya lelemama vilivyokuwa na vyeo, michango na siri zake. Wala hatukuona kwamba mambo hayo yaliwatenga na dunia. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU mwaka 1955, alipitia vikundi vya ngoma, kwa sababu wanawake walikuwa tayari wamejipanga humo, wenyewe kwa wenyewe, na yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kundi mojawapo. Kilichofundwa ndani kilitoka nje siku ilipohitajika.

Na Los Angeles kilitoka. Desemba 1977 mji ulikuwa umeshikwa na hofu ya wauaji waliokuwa wakiwanyonga wanawake na kutupa maiti vilimani. Magazeti yalikuwa yakiuliza marehemu walikuwa wanawake wa namna gani, walitembea saa ngapi. Suzanne Lacy na Leslie Labowitz, wote wa Jengo hilo, waliandaa tukio walilolipa jina la maombolezo na ghadhabu. Msafara wa magari uliondoka kwenye Jengo ukifuata gari la maiti hadi ukumbi wa jiji. Likateremsha wanawake warefu kupita kawaida, wamejifunika nyeusi gubigubi kama matanga ya zamani, wakasimama kwenye ngazi mbele ya kamera za televisheni. Mmoja mmoja akasogea kwenye kipaza sauti, akataja aina moja ya ukatili dhidi ya wanawake, na baada ya kila mmoja kundi likaitikia kwamba kwa kumbukumbu ya dada zetu tunapigana. Walikuwa wamepima kila kitu kwa jicho la mpiga picha wa habari: umbo gani litajaa kwenye skrini, sentensi gani itabaki baada ya kukatwa. Walidai mafunzo ya kujilinda kwa wanawake, na namba za msaada kwa waliobakwa ziwekwe mahali zinapoonekana katika kitabu cha simu. Kama hiyo ni sanaa ya kujifungia, basi sijui ile ya kutoka nje inafananaje.

Miezi michache kabla, Lacy alikuwa ameweka ramani kubwa ya jiji, na kwa wiki tatu za mwezi Mei alipiga mhuri mwekundu juu yake kila mahali polisi walipopokea taarifa ya ubakaji. Jerri Allyn na Anne Gauldin walianzisha kundi la wahudumu wa mikahawa, wakaigiza ndani ya mikahawa yenyewe mbele ya watu wanaokula, habari ya ujira mdogo na mikono ya wateja. Kundi la Mother Art lilipeleka kazi kwenye maduka ya mashine za kufulia: wakafunga kamba, wakaanika picha na maandishi kama nguo, na onyesho likachukua muda ule ule wa kufua na kukausha mzigo mmoja. Wanasiasa walipowakejeli kwamba fedha za umma zimepotea kwa dobi, mama hao walichukua ndoo na vitambaa wakaenda kuyasafisha mabenki.

Lawama nyingine, kwamba pale palifanyika tiba na si sanaa, nitaipitia kwa haraka. Ni kweli kazi nyingi za wanafunzi zilikuwa changa, na nyingine zilikuwa kilio tu ambacho hakijapata umbo. Nionyesheni shule ya sanaa ambayo kazi za wanafunzi si changa. Nao wale waliosema kila mwanamke huchora kwa umbo la katikati, la ua na la uchi wake, walikosea, na wenzao ndani ya harakati waliwasahihisha mapema.

Lawama ninayoiona nzito, na ambayo watetezi wa Jengo hawana haki ya kuikwepa, ni ya rangi. Waanzilishi watatu walikuwa weupe, na wanafunzi walikuwa weupe kwa wingi, katika mji wenye maelfu kwa maelfu ya Wamarekani weusi, Wachicano (Wamarekani wenye asili ya Meksiko) na Waasia, huku Chinatown ikiwa hatua chache kutoka mlangoni. Hata jina lilikuja na doa. Jumba la 1893 liliendeshwa na bodi ya mabibi ambayo haikumpa mwanamke mweusi kiti hata kimoja, na mwandishi wa habari mweusi Ida B. Wells alifika mjini Chicago akasambaza kijitabu kueleza kwa nini Wamarekani weusi hawakuwakilishwa kwenye maonyesho yale. Wanawake wa 1973 walipolifufua jina kama urithi, walirithi na hilo, na sioni dalili kwamba liliwasumbua usingizi.

Mapema mwaka huo huo Betye Saar, msanii mweusi wa Los Angeles, aliandaa maonyesho ya wasanii wanawake weusi, Black Mirror, katika jumba la maonyesho la Womanspace ambalo miezi michache baadaye lilihamia ndani ya Jengo. Saar amesimulia jinsi wanawake weupe walivyokosa kuja. Fikiria uzito wa jambo hilo. Umezuiwa na makumbusho kwa kuwa mweusi na kwa kuwa mwanamke, unaingia kwenye nyumba iliyosema ni ya wanawake wote, unatundika kazi zenu, unawasha taa, unasubiri, na dada zako hawaji. Mlango haukufungwa. Ulikuwa wazi, ila hakuna aliyepita. Hiyo ni aina ile ile ya kuzuiliwa niliyoieleza kwa binti wa uchapaji, na safari hii waliozuia ni wale niliokuwa nawatetea.

Yalifuata marekebisho. Jarida la Chrysalis, lililotoka Jengoni kuanzia 1977, lilichapisha kwa mara ya kwanza insha ya mshairi mweusi Audre Lorde kuhusu ushairi ambayo leo inasomwa dunia nzima. Mwaka 1982 Linda Vallejo alikusanya wasanii na waandishi Wachicana kutengeneza kazi za kuchapa katika kituo kile cha uchapaji, mradi wa Madre Tierra. Lakini yalikuja yakiwa yamechelewa, wakati fedha zimeshaanza kukauka, na mgeni aliyekaribishwa wakati sufuria linakwangurwa hawezi kusema alikaribishwa karamuni. Na watoto pia: Mother Art walijipanga kuwa kundi kwa sababu akina mama wenye watoto hawakuona nafasi yao mle ndani, hadi wakajenga uwanja wa michezo kwenye maegesho ya magari. Nyumba ya wanawake isiyowaza mtoto atakaa wapi ilikuwa imemfikiria mwanamke wa aina moja.

Kuhusu kufungwa kwenyewe, hapo ndipo hoja ya kushindwa kwa wazo inapokosa miguu. Jengo lile hawakulimiliki. Walikuwa wapangaji mwanzo hadi mwisho. Waliishi kwa ada, michango, ruzuku za sanaa, na mishahara ya watumishi iliyolipwa na mpango wa serikali wa ajira wa miaka ya 1970, CETA. Serikali ya Reagan ilipoingia 1981 mpango huo ulifutwa na ruzuku zikabanwa. Warsha ya Studio ilifungwa mwaka huo huo. Wakajaribu kujitegemea: kituo cha uchapaji kikageuzwa biashara ya kupanga herufi kwa wateja wa nje, nayo ikawabeba kwa muda, mpaka kompyuta za mezani zilipokuja na kila ofisi ikaanza kujipangia herufi zake. Biashara ikafa 1988, na miaka mitatu baadaye Jengo likafunga. Maduka mengi ya kupanga herufi yaliyoendeshwa na wanaume yalikufa miaka ile ile kwa sababu ile ile, na hakuna aliyesema kwamba wanaume walikosea kukaa pamoja.

Na njia ya kuingia ndani imefikia wapi? Judy Chicago aliondoka Jengoni mapema kwenda kutengeneza kazi yake maarufu, The Dinner Party, meza kubwa ya karamu yenye nafasi 39 za wageni. Iliisha 1979 na ikapata makazi ya kudumu katika makumbusho ya Brooklyn mwaka 2007. Miaka 28. Utafiti uliotolewa 2019, uliopitia mikusanyo ya makumbusho 18 makubwa ya Marekani, ulikuta wasanii 87 katika kila 100 ni wanaume. Namba imesogea tangu ile ya wanne katika mia, sikatai. Kwa mwendo huo, binti anayeingia chuo mwaka huu atakuwa ameshakuwa bibi kabla namba hazijalingana.

Mwenye kutaka kuona mafundi wa ile karakana walifanya nini na nyundo zao, aende Mtaa ule ule wa Spring, upande wa kusini, katikati ya mji. Biddy Mason aliletwa California akiwa mtumwa, akashinda kesi ya uhuru wake mahakamani Los Angeles mwaka 1856, akafanya kazi ya ukunga, na 1866 akanunua kiwanja hapo kwa dola 250. Nyumba yake haipo tena. Pakawa maegesho ya magari. Mwaka 1989, katika mradi ulioongozwa na mwanahistoria Dolores Hayden, Bretteville alijenga ukuta mweusi wa zege unaosimulia maisha ya Mason, muongo kwa muongo, na ndani ya zege amegandamiza alama za vitu vyake, ukiwamo mkoba wa mkunga. Susan King, aliyewahi kukiongoza kituo cha uchapaji cha Jengo, alitengeneza kitabu cha mradi huo huo. Na kazi iliyowekwa kwenye ukumbi wa lifti hapo karibu, ya kumkumbuka Mason na nyumba yake, ni ya Betye Saar.